Squirtle ni kobe au kasa? Tubishane leo tumalize

Wakuu, juzi mpwa wangu alikuwa anamsimulia bibi yake habari za Pokémon, wale viumbe wa kubuni wa michezo ya video ya Kijapani. Alipofika kwa Squirtle akasema, "Huyu ni kasa wa bluu anayetema maji." Mama, mzaliwa wa Mafia aliyekua akiona kasa wakipanda ufukweni kutaga, akaitazama picha, akacheka: "Kasa gani ana miguu ya kusimamia? Huyo kobe!" Tangu hapo nyumba imegawanyika. Mimi niko na mama.

Hoja kubwa ya wanaosema kasa ni kwamba Squirtle ni wa aina ya maji. Kwani maji yote ni bahari? Mito na mabwawa yetu yana kobe wa majini na sijasikia mtu akiwaita kasa. Tena jina alilozaliwa nalo Japani mwaka 1996, ilipotoka michezo ya Red na Green, ni Zenigame. Neno hilo lilikuwepo zamani: Wajapani humwita hivyo mtoto wa kobe wa mabwawani, kwa kuwa kigamba chake cha mviringo kinafanana na sarafu ya kale. Kwa hiyo asili yake ni bwawani.

Halafu mtazameni mwili. Kasa ana mapezi mapana ya kupigia maji; huyu ana vidole na anatembea wima. Kubwa zaidi ni kichwa. Kasa hawezi kukivuta kichwa chake ndani ya gamba, akivamiwa ndiyo kavamiwa. Squirtle huingiza kichwa, mikono, miguu na mkia, akabaki gamba tupu. Pigo lake la Withdraw ndilo hilo, na kwenye mchezo wa mapigano wa Super Smash Bros. Brawl wa 2008 anajifungia humo na kuteleza akigonga watu. Mwonyesheni mvuvi yeyote wa Kilindoni, awaambie kama amewahi kuona kasa wa namna hiyo.

Kuna anayesema, "Mbona kwa Surf, ule uwezo wa kukubeba juu ya maji, anakuvusha bahari mpaka kisiwa cha Cinnabar?" Sawa, lakini kwenye michezo hiyohiyo ya mwanzo hata Snorlax, lile bonge la kilo 460 linalolala kutwa, linafundishika Surf. Basi na Snorlax tumwite nyangumi.

Wengine wanakimbilia Kiingereza: jina limetokana na "turtle", na "turtle" ni kasa. Si lazima, Wamarekani neno hilo hulitumia hata kwa kobe wa bwawani. Na akifika kiwango cha 36 kiumbe huyohuyo anakuwa Blastoise, jina lililokatwa kwenye "tortoise", ambaye ni kobe wa nchi kavu. Kama wenye lugha wenyewe wamemhamisha kutoka majini hadi porini, sisi tunawafuata wapi?

Anayetaka kasa wa Pokémon yupo: Tirtouga wa mwaka 2010, aliyefufuliwa kutoka kwenye kisukuku, mapezi yake kabisa. Mkimpa Squirtle jina la kasa, huyu mtamwita nani?

Nakiri Wartortle, umbo la Squirtle kabla hajawa Blastoise, ananipa shida. Mkia wake wa manyoya naweza kuueleza: kwenye picha za kale za Kijapani kobe mkongwe huchorwa na mkia wa majani ya maji yaliyomwotea kwa uzee. Ila yale masikio? Kobe hana, kasa hana. Hapo sina la kusema. Na Turtwig wa 2006, kobe wa nchi kavu mwenye jani kichwani, akisimama na Squirtle itabidi mmoja aitwe kobe na mwingine kobe maji, jambo ambalo mpwa wangu anasema ni uvivu.

Upande wa kasa, karibuni. Ila ile hoja ya "anaishi majini" isirudi tena hapa. Hata kiboko anaishi majini.