Bomba la bafuni linapiga shoti na fundi wetu yupo safari: nimwite nani usiku huu?

Mama Naima, saa 3:10 usiku

Habari za usiku wakuu. Nipo Tabata Segerea, nyumba ya kupanga. Mwenye nyumba yuko Moshi na simu yake haipatikani. Magharibi mwanangu aliingia kuoga akatoka analia, anasema bomba limempiga. Dada wa kazi akaenda kufungua maji, naye likamrusha mkono. Tuna ile hita ya shawa inayochemsha maji hapo hapo. Kingine, pale kwenye meni swichi kuna harufu ya plastiki inayoungua, inakuja na kupotea. Taa zinawaka vizuri, friji inafanya kazi, yuniti zipo.

Fundi wetu wa siku zote yupo msibani Korogwe. Nimepiga namba niliyoiona kwenye bango lililobandikwa nguzoni. Huyo kaka anataka nimtumie elfu thelathini ya usafiri kwanza ndipo atoke Kimara, na hajaniuliza hata swali moja kuhusu tatizo lenyewe. Nina watoto ndani na mvua inanyesha. Nizime umeme au niache? Na fundi wa kuaminika saa hizi anapatikanaje?

Fundi Mzizima, saa 3:21 usiku

Mama Naima, pole sana. Zima sasa hivi, maelezo utayasoma ukiwa umeshazima. Vaa kandambili kavu, futa mikono, shusha meni swichi kwa mkono mmoja bila kushika ukuta. Ukiona cheche au moshi pale, au ukuta umelowa, usiiguse kabisa. Toa watoto nje, piga 180 ya TANESCO, na moto ukianza piga 114 ya Zimamoto. Bafuni asiingie mtu, hata wa kunawa. Akinaswa mtu, usimshike kwa mkono. Umeme uzimwe kwanza.

Watu wengi huniambia, "Mbona breka haijakata, basi si hatari." Hapo ndipo watu wanapofia. Breka ya hita huwa ya ampia 32 au zaidi, na kazi yake ni kulinda waya usiungue. Umeme wetu ni volti 230. Mwili uliolowa unaweza kupitisha kama mili-ampia 200. Hiyo inasimamisha moyo, lakini kwa breka ya 32 ni kama hakuna kitu, haishtuki. Kinachomlinda mtu ni ethi nzima, yaani waya unaopeleka ardhini umeme unaovuja, pamoja na RCCB ya mili-ampia 30, ile swichi inayokata mara umeme unapovuja, na nyumba nyingi za kupanga ninazoingia hazina hiyo RCCB.

Kwa dalili zako nashuku elementi ya hita, ile koili inayochemsha maji, imepasuka, umeme unaingia kwenye maji, na ethi imekatika mahali. Harufu ni jambo la pili, mara nyingi ni waya uliolegea kwenye skrubu ya meni swichi.

Huyo wa Kimara achana naye. Fundi anayejua kazi akisikia bomba linapiga, jambo la kwanza anakwambia uzime, ndipo mzungumze bei. Ulizia kwa mwenye duka la vifaa vya umeme hapo mtaani kwenu, hata kama amefunga. Anawajua mafundi wanaochukua vifaa kwake kila siku na anajua nani hurudishiwa kazi mbovu. Au mpigie mjumbe wako. Akija, muombe leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, usome jina, daraja na tarehe ya kuisha. Cheti cha VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, kinaonyesha amesoma, lakini leseni ni kitu kingine. Na mwangalie mikononi: asiye na mita ya kupimia, amekuja na testa ya bisibisi tu, msindikize mlangoni kwa heshima.

Jambo moja zaidi. Ukishazima, fundi apime bomba tena kwa kifaa. Kama bado lina umeme wakati meni imeshushwa, shida inatoka nje: kwa jirani mnayechangia naye mabomba, au kwenye laini. Hapo ni 180, fundi wa mtaani hana ruhusa ya kugusa.

Kaka wa Ukonga, saa 3:40 usiku

Naongezea kwenye hiyo 180. Andaa namba ya mita, zile tarakimu 11, na utaje alama ya karibu kama msikiti au shule, maana gari la dharura usiku hupotea kwenye vichochoro. Ujieleze kwa ukali wa hatari: "bomba lina umeme, kuna watoto." Ukisema "umeme unasumbua" tu, utapangwa nyuma. Na akitokea mtu anayesema ni wa shirika, anataka pesa mkononi ili apande nguzo, huyo ni kishoka, fundi feki. Malipo ya shirika hupitia namba ya kumbukumbu.

Bint Kisauni, saa 4:05 usiku

Pole dadangu. Huku Mombasa ni vivyo hivyo, stima ikileta hitilafu usiku matapeli huwa wa kwanza kushika simu. Kwetu leseni hutoka EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, na ya C2 ndiyo ya mafundi wa nyumba za fezi moja. Dharura ya laini twapiga 97771. Usiwape watoto maji ya bomba hilo mpaka litengenezwe, wasije wakalishika kwa mazoea.

Mama Naima, kesho yake saa 5 asubuhi

Nawashukuru sana. Nilizima, tukalala kwa tochi. Mwenye duka la vifaa alinipa namba ya kijana anayekaa Kinyerezi, akafika usiku ule ule na leseni yake mfukoni, hakudai hata shilingi kabla. Alipima bomba meni ikiwa chini, halikuwa na kitu. Hita imepasuka kweli. Waya wa ethi ulikatwa na waliopiga plasta upya ukutani. Na kwenye meni swichi nyutro, ule waya wa kurudishia umeme, ilikuwa imelegea mpaka ganda la waya limekuwa jeusi. Ameifunga hita isitumike, ameunga nyutro upya, ethi anarudi kuifanya leo mchana. Mwenye nyumba amepatikana, anasema ethi atalipa ila RCCB ni "anasa ya mpangaji". Nimjibu nini?

Fundi Mzizima, saa 5:30 asubuhi

Alhamdulillahi, watoto wako salama. Mpigie picha ule waya mweusi na ile hita, umtumie kabla fundi hajavitupa. Mwambie RCCB inakaa ndani ya ukuta wake, wewe ukihama inabaki kwake. Akikataa, nunua yako, andikianeni mbele ya mjumbe kwamba inakatwa kwenye kodi. Na leo fundi akimaliza asiondoke kabla ya kubonyeza kitufe cha majaribio cha RCCB mbele yako. Isipokata, arudishe dukani.