Tangi la maji ya bahari: amonia haishuki na samaki wanahema juujuu

MkaziWaKizingo aliuliza:

Assalaam alaykum, ndugu zangu. Hapa nyumbani Mombasa nina tangi la kioo lenye lita 200 za maji ya bahari, nililolianzisha miezi minne iliyopita. Ndani yake wamo samaki watatu wadogo wa matumbawe, konokono wanne na mawe niliyoyanunua dukani. Mambo yalikwenda vizuri hadi Jumapili iliyopita, ambapo samaki walianza kukusanyika karibu na mdomo wa pampu, matamvua yakifunguka na kufunga kwa kasi, huku konokono wawili wakijifungia ndani ya makome yao na kukataa kutoka hata usiku.

Vipimo vya jana vilikuwa hivi: amonia (sumu itokanayo na kinyesi cha samaki) miligramu 0.5 kwa lita, nitriti 0.25, nitrati 40, pH (kipimo cha uasidi wa maji) 8.1 na joto nyuzi 29. Ni vyema nieleze pia kwamba nilikuwa safarini kwa wiki tatu, na kwa muda huo wote maji hayakubadilishwa, ila mdogo wangu alikuwa akiongeza kila siku takriban lita mbili za maji ya bahari kutoka kwenye pipa ili kufidia yaliyopungua. Niliporudi Ijumaa nilikuta chujio limeziba, nikaiosha sponji yake chini ya mfereji mpaka ikang'aa kama mpya. Nimekwisha kutia dawa ya chupa ya kuondoa amonia mara mbili bila mafanikio. Je, nimwage maji yote na kuanza upya?

FundiMatangi alijibu:

Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Nakusihi usimwage maji yote, kwa sababu samaki waliokwisha dhoofika hawastahimili mabadiliko makubwa ya ghafla, na chanzo cha tatizo lako hakiko kwenye maji peke yake.

Tuanze na ile sponji. Uchafu wa kahawia ulioukamua ndio makazi ya bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti, na wengine wanaogeuza nitriti kuwa nitrati. Bakteria hao huchukua takriban wiki nne hadi sita kujijenga katika tangi jipya, na klorini ya maji ya mfereji inaweza kuwaua kwa dakika chache. Hiyo ndiyo sababu amonia na nitriti zimeonekana siku mbili tu baada ya usafi wako, ilhali tangi lilikuwa limetulia kwa miezi. Bahati yako ni kwamba mawe nayo yamebeba bakteria wengi, kwa hiyo huanzi sifuri. Siku nyingine ioshe sponji ndani ya ndoo yenye maji uliyoyatoa tangini, uikamue mara mbili tatu, uirudishe ikiwa bado na rangi yake.

Kuhusu dawa ya chupa, nyingi za aina hiyo huifunga amonia isidhuru lakini haziiondoi, hivyo kipimo kinaweza kuendelea kuionyesha hata pale ambapo dawa imefanya kazi. Usiongeze tena kwa kukisia.

Kuna jambo moja hukulitaja, nalo ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Kiwango cha chumvi ni kipi? Maji yanapogeuka mvuke, chumvi hubaki tangini. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi, kwa hiyo mdogo wako, kwa nia njema kabisa, alikuwa akiongeza gramu 70 kila siku. Kwa siku 21 hiyo ni karibu kilo moja na nusu. Tafadhali pima kabla ya kufanya jambo lolote.

MkaziWaKizingo:

Nimepima kwa haidromita, kifaa kinachoonyesha uzito wa maji ya chumvi ukilinganishwa na maji yasiyo na chumvi, mara tatu, nikihakikisha hakuna mapovu yaliyoshikilia mshale wake, na kila mara inasoma 1.031. Sasa naelewa kwa nini ukingo wa kioo umeota ukoko mweupe wa chumvi ambao sikuwahi kuuona kabla ya safari.

BintiNyali alijibu:

Kaka, pole sana. Kipimo cha 1.031 kinalingana na hesabu ya FundiMatangi, maana yake una gramu 41 au 42 kwa lita badala ya 35. Konokono huathirika mapema kuliko samaki, ndiyo maana hao wawili wamejifungia.

Ningefanya hivi. Leo toa lita 50 na urudishe lita 50 za maji ya bahari ya kawaida yenye joto lilelile; amonia itapungua kwa robo na chumvi itashuka hadi karibu gramu 40. Kuanzia kesho, kwa siku nne mfululizo, toa lita saba za maji ya tangi na urudishe lita saba za maji matamu, ukiyamimina polepole mbele ya pampu ili yachanganyike. Hesabu inakufikisha kwenye gramu 35, yaani takriban 1.025 au 1.026, bila kushusha zaidi ya takriban gramu moja na nusu kwa siku. Zile lita mbili zinazopungua kila siku zifidie kwa maji matamu, nje ya hizo saba. Bandika kipande cha utepe kwenye kioo mahali maji yanapopaswa kufika, ili mdogo wako asilazimike kukadiria.

Usiwalishe samaki kwa siku mbili, kisha walishe kidogo sana. Elekeza mdomo wa pampu juu ili uso wa maji utikisike, kwani maji yenye joto na chumvi nyingi hubeba oksijeni kidogo, na amonia inazidi kuwabana. Tena, kwenye pH ya 8.1 na nyuzi 29 sehemu ya amonia iliyo sumu ni kubwa kuliko ingekuwa katika tangi la maji matamu lenye pH ya 7, kwa hiyo hiyo 0.5 si ya kupuuzwa.

MzeeWaTudor alijibu:

Vijana wamesema vyema, nami naongeza kuhusu maji yenyewe. Maji matamu yasiwe ya kisima kabla hujayapima, kwa kuwa visima vingi vya mjini vina chumvi, na vilivyo karibu na vyoo vya shimo huwa na nitrati nyingi. Utakuwa unarudisha kwa ndoo kile unachokitoa. Maji ya mfereji yaondolewe klorini kwanza. Yaliyosafishwa kwa mtambo ni bora kuliko yote.

Maji ya bahari nayo yachotwe wakati yanajaa, hasa siku za bamvua, yaani maji yanapojaa sana, mbali na midomo ya mito na hori. Masika hatuchoti siku chache baada ya mvua kubwa, kwani maji ya juu huwa yamepoa chumvi na yamebeba taka za nchi kavu. Mimi huyachuja kwa kitambaa kizito cha melikani, kisha huyaweka kwenye pipa lililofunikwa, gizani, kwa wiki moja au zaidi huku pampu ndogo ikiyazungusha, na sitii hata ndoo moja tangini bila kuyapima chumvi. Pipa lililoachwa wazi juani nalo huvukiza, mwanangu, kwa hiyo lipime lako kabla ya kuamini kwamba hizo lita 50 ni za gramu 35.

MkaziWaKizingo:

Mzee wangu, shikamoo, na ahsante sana. Nimelipima pipa kama ulivyoelekeza na limesoma 1.028, kwa kuwa halikuwa na kifuniko, hivyo niliyazimua maji yake kwa maji yaliyosafishwa kabla ya kuyatumia. Leo ni siku ya sita. Chumvi imefika 1.026, amonia haionekani tena na nitriti ni 0.1. Samaki wameachana na mdomo wa pampu. Konokono mmoja alitoka juzi usiku na kupanda kioo. Yule mwingine bado amejifunga, lakini nilipomgusa alijivuta ndani, nami naendelea kumsubiri.