Exe ya PyInstaller: rekodi za maziwa hupotea kila programu ikifungwa

karani_njoro
Habari zenu. Nina skripti ya Python, yenye madirisha ya Tkinter, ya kurekodi kilo za wakulima kwenye kituo cha maziwa huku Njoro. Data iko kwenye hifadhidata ya SQLite, faili maziwa.db. Nimeifungasha skripti kuwa exe kwa PyInstaller kwenye Windows 10 hivi:

`pyinstaller --onefile --windowed --add-data "maziwa.db;." --add-data "nembo.png;." kituo.py`

Faili zote mbili nazisoma kupitia sys._MEIPASS. Inafunguka, kilo zinaingia, lakini ukiifunga na kuifungua tena orodha ni tupu. Pia kompyuta ya kituo ni Windows 7 ya biti 32, na huko haifunguki kabisa. Nimekosea wapi?

fundi_kondele
Ndugu, rekodi zinaandikwa, ila mahali pasipodumu. Exe ya `--onefile` kila ikifunguliwa hutoa vilivyomo ndani yake na kuviweka kwenye folda ya muda iliyo ndani ya Temp, jina lake linaanza na _MEI. Hiyo ndiyo sys._MEIPASS. Ukifunga programu, folda inafutwa na kilo za asubuhi nzima zinaenda nayo. Ukifungua tena, unapewa ile maziwa.db tupu uliyoifungasha siku ya kwanza.

Tenganisha faili za kusomwa na za kuandikwa. Nembo ibaki _MEIPASS. Hifadhidata ihamie APPDATA, folda ya Windows ya kuhifadhi data za programu:

```
folda = os.path.join(os.environ["APPDATA"], "Kituo")
os.makedirs(folda, exist_ok=True)
db = os.path.join(folda, "maziwa.db")
```

Kisha ondoa `--add-data` ya maziwa.db, na jedwali litengenezwe kwa `CREATE TABLE IF NOT EXISTS` programu inapoanza. Usiiweke hifadhidata kando ya exe: siku mtu akisakinisha programu ndani ya Program Files, mtumiaji wa kawaida hataruhusiwa kuandika humo.

biti32_nakuru
Naongezea kwamba APPDATA ni ya kila akaunti ya Windows. Makarani wawili wakiingia kwa akaunti tofauti, kila mmoja ataona orodha yake tu.

Kuhusu Windows 7: Python ya mwisho kuikubali ni 3.8, tena iwe na Service Pack 1. Na exe ya biti 64 haiwezi kufunguka kwenye Windows ya biti 32. Sakinisha Python 3.8 ya biti 32 kwenye hiyo Windows 10, tengeneza venv mpya (mazingira ya Python yaliyotengwa), weka PyInstaller humo na ufungashe upya. Exe hiyo itafanya kazi kwenye biti 64 pia, kwa hivyo moja inatosha.

karani_njoro
Asanteni sana, rekodi sasa zinabaki. Kwenye Windows 7 inafunguka, lakini nikibofya kalenda ya tkcalendar hakuna kinachotokea.

fundi_kondele
Fungasha bila `--windowed`, uiendeshe kutoka cmd ili kosa lionekane. Ukiona `No module named 'babel.numbers'`, ongeza `--hidden-import babel.numbers`. PyInstaller hufuata import inazoziona kwenye kodi, na hiyo huipita. Ikishatulia, rudisha `--windowed`.

Antivairasi ikiizuia, tumia `--onedir` badala ya `--onefile`, na uwapelekee folda nzima kwa flashi. Hufunguka haraka zaidi pia, maana hakuna kinachotolewa upya kila mara, na kwenye mashine kuukuu kama hiyo tofauti inaonekana.