Namba za simu za wateja zinakuwa 2147483647, na nusu kilo inapotea

gati_la_kirumba:
Wakuu, habari za jioni. Nimekabidhiwa mfumo wa kuandikisha mizigo ya dagaa hapa Mwaloni Kirumba, umeandikwa kwa PHP, databesi ni MySQL. Aliyeutengeneza hapatikani. Wenye mizigo wa Ukerewe wanalalamika hawapati SMS. Kufungua jedwali la wateja, kumbe watu kibao wana namba moja: 2147483647. Wengine wana 754 na kuendelea, sifuri ya mbele haipo.

Halafu uzito. Gunia la kilo 48.5 linaingia 48, na wenye mali wameshaanza kununa. Nimebadilisha kolamu kutoka INT (namba kamili) kwenda DECIMAL(8,2) (namba yenye desimali mbili), sasa inaandika 48.00! Eror hakuna hata moja. Naombeni msaada.

sangara_wa_nyegezi:
2147483647 ndiyo mwisho wa INT, mkuu. Weka BIGINT, namba kamili yenye nafasi kubwa zaidi, kazi imeisha.

furu_mkavu:
Haijaisha. BIGINT itabeba 255754… lakini 0754… bado itavuliwa sifuri. Namba ya simu huijumlishi wala huigawanyi, hayo ni maandishi. Weka VARCHAR(20), kolamu ya maandishi.

Mleta uzi, ukichunguza utakuta walioandikwa kwa 0 ndio wenye 754, na walioandikwa kwa 255 ndio waliogota kwenye 2147483647. Ukimya wa eror nao una sababu. Endesha SELECT @@sql_mode. Kama STRICT_TRANS_TABLES (mpangilio wa kukataa thamani zisizofaa) haimo, MySQL inakata namba iingie inavyoweza na kutoa onyo tu, ambalo PHP yako haisomi. Tangu toleo la 5.7 huwa imewashwa yenyewe, kwa hiyo kama toleo lako si la zamani zaidi, kuna mtu aliizima, nadhani mfumo ulikuwa unamsumbua kwa eror akaona bora zinyamaze.

gati_la_kirumba:
Kweli haimo. Na uzito je? Nimeweka var_dump kabla ya kuhifadhi, inaonyesha "48.5" kamili.

furu_mkavu:
Basi nusu inafia kati ya hapo na databesi. Tubandikie mstari wa bind_param, ule unaokabidhi thamani kwa MySQL.

gati_la_kirumba:
`$st->bind_param("sii", $jina, $simu, $uzito);`

furu_mkavu:
Huyo hapo. Kila "i" inageuza thamani kuwa namba kamili kabla haijasafiri, kwa hiyo hata ungebadilisha kolamu mpaka kesho, 48.5 ingefika 48. Andika "sss", yaani zote tatu ziende kama maandishi. Uzito pia upitishe kwa "s", MySQL itausoma vizuri kwenye DECIMAL. "d" (namba ya desimali) ingefanya kazi, ila mimi vitu vya kulipwa pesa siviamini kwenye float, desimali za kukadiria.

mama_dagaa_IT:
Kaka, kabla ya kugusa chochote chukua bakapu. Ukishageuza simu kuwa VARCHAR, waliopoteza sifuri warudishie hivi:

`UPDATE wateja SET simu = CONCAT('0', simu) WHERE CHAR_LENGTH(simu) = 9;`

Wenye 2147483647 usiwaguse kwa hesabu yoyote, namba zao hazimo tena humo. Tafuta kwenye daftari la mizani au stakabadhi. Nusu kilo za zamani vilevile.

Na ukimaliza weka UNIQUE kwenye simu, namba isijirudie. Ingekuwepo tangu mwanzo, mteja wa pili tu mwenye 2147483647 angegoma kuingia.

gati_la_kirumba:
Nimebadilisha kuwa "sss", gunia la majaribio limeingia 48.50 na simu imekaa na sifuri yake. STRICT nimeiwasha, sasa fomu ya malipo ndiyo inapiga kelele: "Incorrect integer value". Shukrani dada, shukrani mkuu. Kesho nabandika na hiyo.