Mpangilio wa kuwasha mashine pepe baada ya stima kukatika

Muulizaji, Kisumu:
Hamjambo wenzangu. Jana usiku stima ilikatika, betri zikaisha kabla jenereta haijashika, na seva zetu tatu za Proxmox (programu ya kuendesha mashine pepe, yaani kompyuta za kiprogramu ndani ya seva) zikazimika ghafla. Iliporudi, mashine pepe zote zilijiwasha kwa pamoja, na programu ya mishahara ikashindwa kuanza kwa sababu hifadhidata yake ilikuwa bado haijaamka. Je, utaratibu unaofaa ni upi?

Jibu kutoka Nakuru:
Pole sana, ndugu. Tangulia na swichi za mtandao, kisha hifadhi ya pamoja (diski zinazotumiwa na seva zote), na usiwashe seva kabla hifadhi hiyo haijajibu. Klasta ya nodi tatu, yaani seva tatu zinazofanya kazi kama kundi moja, haitawasha mashine pepe yoyote mpaka nodi mbili zionane, kwa hiyo usihangaike na nodi moja peke yake. Mashine ya DNS (inayobadilisha majina kuwa anwani za mtandao) iwe ya kwanza, ifuatwe na hifadhidata, ndipo programu. Kila mashine ina sehemu ya kuandika namba ya zamu na sekunde za kusubiri. Wengi wetu huiacha tupu hadi siku ya maafa.

Jibu kutoka Kakamega:
Kama hifadhidata ni PostgreSQL, itajirekebisha yenyewe kwa kupitia kumbukumbu zake za mabadiliko. Soma logi, yaani rekodi ya matukio, na usiizime hifadhidata katikati ya kazi hiyo, hata mhasibu akipiga simu mara kumi.

Muulizaji:
Nashukuru. Kwetu sehemu hiyo ilikuwa tupu kweli. Nimeweka sekunde 120 baada ya hifadhidata.