Mjadala: Mchezaji tenisi akirudi kutoka uzazi, arudishiwe na ulinzi wake kwenye droo?

MLETA MADA
Wakuu, hili nimelibishania hadi usiku na bado sijaridhika, naomba mnisaidie.

Machi 2018, Miami. Serena Williams, aliyekuwa nambari 1 duniani mwaka mmoja nyuma, ametoka kujifungua kwa upasuaji, akapata damu kuganda mapafuni, akalala kitandani wiki sita. Anaingia raundi ya kwanza anamkuta nani? Naomi Osaka, aliyetoka kubeba kombe la Indian Wells siku chache tu kabla. 6-3, 6-2, Serena nje.

Hapo hakuna aliyemfanyia hila. Pointi za tenisi, zile zinazompa mchezaji nafasi yake duniani, zinaishi wiki 52, kisha zinafutika. Ukikaa nje mwaka mzima unarudi mikono mitupu. Kanuni ya WTA (chama cha tenisi ya wanawake) wakati ule ilimruhusu mama aingie mashindanoni kwa nafasi yake ya zamani, basi. Wale wenye ulinzi, yaani wanaopangwa mbalimbali kwenye droo (ratiba ya nani anakutana na nani) wasikutane mapema (32 kwenye mashindano makubwa), yeye hakuwemo. Roland Garros, mashindano makubwa ya Ufaransa, mwaka huohuo: raundi ya pili Ashleigh Barty, wa 17 kwenye orodha hiyo, raundi ya tatu Julia Görges, wa 11. Aliwapiga wote wawili, kisha msuli wa kifua ukamtoa kabla hajakutana na Maria Sharapova.

Desemba 2018 kanuni ikabadilishwa. Sasa nafasi yako inahifadhiwa hadi miaka mitatu tangu mtoto azaliwe, unaitumia kwa mashindano 12, na kama ingekupa ulinzi, raundi ya kwanza hupangiwi mmoja wa wanaolindwa. Raundi ya pili jitegemee.

Mimi nasema huo ni ubahili. Arudishiwe ulinzi wake wote. Ujauzito haukumshusha kiwango uwanjani, hakupoteza hata mechi moja. Roger Federer, mchezaji wa kiume, ana pacha mara mbili. Mei 2014 walipozaliwa wa pili alijitoa Madrid, wiki iliyofuata yuko Rome anacheza. Mtoto hakumgharimu pointi za mwaka.

MCHANGIAJI WA KWANZA
Naomba kutofautiana. Unamsahau Dominika Cibulkova.

Wimbledon 2018 walifanya hicho unachokitaka. Serena alikuwa wa 183 duniani, kamati ikampa ulinzi wa 25. Cibulkova alikuwa wa 32, nafasi ya mwisho kabisa, akasukumwa nje. Alilalamika hadharani, na mimi ningelalamika. Ile 32 aliitafuta mwaka mzima, mji kwa mji. Huyu amemkosea nani?

MLETA MADA
Na huyo Cibulkova asiye na ulinzi alifika robo fainali! Serena naye akafika fainali, akafungwa na Angelique Kerber. Sasa nani aliumia?

MCHANGIAJI WA KWANZA
Kwamba mtu alinusurika haimaanishi alitendewa haki, mkuu. Hata Kim Clijsters alirudi 2009 bila nafasi yoyote kwenye orodha ya ubora, akaingia US Open kwa mwaliko na kulichukua kombe, binti yake wa miezi 18 akizungukazunguka uwanjani wakati wa kukabidhiwa. Elina Svitolina alialikwa Wimbledon 2023, miezi tisa baada ya kujifungua, akamtoa Iga Swiatek aliyekuwa nambari 1. Kwa hoja yako hiyo, hata hao hawakuhitaji ulinzi wowote.

MCHANGIAJI WA PILI
Nyote mnazungumzia mastaa. Hawa wanaalikwa kila mahali kwa sababu majina yao yanauza tiketi. Mimi nawaza yule wa 200 duniani.

Droo kuu ya mashindano makubwa ina watu 128, na 104 tu ndio wanaingia moja kwa moja kwa nafasi zao. Wa 200 hata ukimhifadhia nafasi yake miaka kumi, anarudia palepale, kwenye mchujo, ashinde mechi tatu ndipo aione droo kuu. Mambo ya nani alindwe hayamhusu kabisa. Kinachomhusu ni kula nini akiwa na mimba ya miezi saba, maana tenisi haina mshahara: hujacheza, hujalipwa. Na akirudi, tiketi ya ndege ya mtoto na ya mlezi inatoka mfuko uleule unaomlipa kocha.

Ndiyo maana kwangu hatua kubwa ni ya Machi 2025, WTA ilipotangaza malipo ya uzazi hadi miezi 12, wachezaji zaidi ya 320 wakiwa na sifa ya kuyapata. Fedha zinatoka mfuko wa uwekezaji wa Saudi Arabia, na hapo najua kuna wengine wataanza kubishana. Fungueni uzi wenu.

MLETA MADA
Sikatai, dada, lakini moja haliui lingine. Pesa apewe na nafasi apewe. Na kuhusu Cibulkova nimepata dawa: asiondolewe mtu. Walindwe 33. Mama anaongezwa juu ya idadi, hakuna anayesukumwa.

MCHANGIAJI WA KWANZA
Chukua karatasi uichore. 128 gawa kwa 32, unapata makundi ya wanne wanne, kila kundi lina mlindwa mmoja. Mshindi wa kundi ndiye anayeingia raundi ya tatu. Huyo wa 33 utamweka kundi gani ambalo halina mwenyewe?

MLETA MADA
Namweka kundi lenye mlindwa, ila upande wa pili, wasikutane raundi ya kwanza.

MCHANGIAJI WA KWANZA
Kwa hiyo watakutana ya pili.

MLETA MADA
Ya pili, ndiyo.

MCHANGIAJI WA KWANZA
Hiyo ndiyo kanuni ya Desemba 2018, neno kwa neno. Ile uliyoiita ubahili.

MLETA MADA
Hapo umenikamata. Ila yale mashindano 12 bado nayapinga: mtu ananyonyesha, analala masaa manne tu kwa vipande, mechi tano za kwanza anacheza na mwili asioujua, na zote zinahesabiwa. Iwe angalau 16. Anayepinga aje na sababu, si na Cibulkova tena.