Naomba ushauri: droni ya jirani inatulia juu ya ua wetu

Ndugu zangu, tunaishi Kigamboni, na kwa wiki tatu sasa kijana wa nyumba ya pili amekuwa akirusha droni yenye kamera kila jioni, ikishuka hadi karibu na paa na kutulia juu ya ua wetu wa nyuma, mahali ambapo mke wangu na binti zangu hupika, hufua na kukaa bila mitandio wakiamini kwamba ukuta unawasitiri. Sasa hata kuanika nguo wanaona taabu, na jambo hilo linaniumiza sana.

Nilizungumza na baba yake kwa heshima, naye akajibu kwamba anga si mali ya mtu. Ninafahamu kwamba Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu na maskani yake, na kwamba tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kuiangusha kwa jiwe sitaki, kwani inaweza kumjeruhi mpita njia.

Je, nianzie kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, polisi, au Mamlaka ya Usafiri wa Anga? Na nitatoa ushahidi gani, iwapo picha zenyewe zimo katika simu yake?